Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu na afya Mtwara: usingizi wa mwanafunzi mwenye kifafa ni sehemu ya dawa yake

Kwa: Viongozi wenye dhamana ya elimu ya sekondari na ya afya,
Mkoa wa Mtwara.

Waheshimiwa,

YAH: KUNYIMWA USINGIZI KWA WANAFUNZI WENYE KIFAFA KATIKA SHULE ZA BWENI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi, mkulima wa korosho na mkazi wa Newala. Binti yangu anasoma kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ndani ya mkoa wetu, na ana kifafa. Shule hiyo siitaji. Sina nia ya kumchafua mtu, na wazazi wenzangu wenye watoto shule nyingine wananisimulia ratiba zilezile. Nilianza na mwalimu wa darasa, nikapanda kwa mkuu wa shule, kisha nikaandika barua kwenda ofisi iliyo juu yake. Nakala ninayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu nililopewa ni la mdomo: mama, subiri. Nilisubiri, na mtoto akaanguka tena. Ndiyo sababu leo naandika hadharani.

Ninachokiomba ni kitu kimoja, na mengine yote yanatoka humo: usingizi wa mwanafunzi mwenye kifafa uhesabiwe kuwa ni sehemu ya matibabu yake, na mtu asiwe na ruhusa ya kuukata kama vile asivyo na ruhusa ya kuvitupa vidonge vyake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ratiba inamnyima mtoto usingizi kila siku.

Prepo ya usiku inaisha saa tano. Mpaka wanafunzi wapange madaftari, waoge na taa zizimwe, ni saa tano na nusu. Kengele ya kuamka inalia saa kumi alfajiri, kisha mchakamchaka, kisha usafi. Hapo mtoto amelala muda wa saa nne na nusu, na kipindi cha kambi ya mitihani hata hizo hazifiki. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Kwa hiyo hata watoto wenye afya njema wanapunjwa, na hilo nalo lingestahili barua yake. Lakini kwa mwenye kifafa upungufu huo unamwangusha chini.

Naomba nieleze kwa nini, maana nimeona kwamba wengi waliolipuuza jambo hili hawakuwahi kuelezwa na mtu. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya seli. Degedege la kifafa linatokea pale seli nyingi zinapotoa umeme huo kwa wakati mmoja na kwa kupita kiasi. Mtu aliyekosa usingizi ubongo wake unakuwa mwepesi kushika moto, kama nyasi za mwezi wa tisa. Halafu usingizi wenyewe una hatua zake. Katika usingizi wa kawaida, ule usio wa ndoto, seli za ubongo zinakwenda kwa mapigo ya pamoja, na hapo umeme mbaya unapata njia rahisi ya kusambaa. Katika usingizi wa ndoto mapigo hayo yanavurugika, na degedege huwa adimu. Wapo wanaoanguka usiku tu wakiwa wamelala, wapo wanaoanguka mchana tu, na wapo wa kote kuwili. Daktari Mwingereza William Gowers aliliandika hilo tangu karne ya 19. Siyo jambo la kubahatisha, wala halikuvumbuliwa juzi.

Binti yangu yuko katika kundi ambalo hatari yake ni asubuhi. Ugonjwa wa aina yake huanza ujanani, mara nyingi kati ya miaka 12 na 18. Dalili yake kubwa ni mikono kushtuka ghafla muda mfupi baada ya kuamka, na mishtuko hiyo ikizidi mtoto huanguka na kupata degedege la mwili mzima. Vichochezi vyake vikuu vinajulikana: kulala kidogo, kuamshwa ghafla, uchovu na pombe. Pombe hanywi. Vile vitatu vingine ndiyo maisha ya bweni lake.

Kuna kitu nilichokiona nilipompeleka Dar es Salaam kupimwa umeme wa ubongo, na tangu siku hiyo sijaacha kukifikiria. Kipimo cha kawaida kisipoonyesha kitu, daktari humwagiza mgonjwa asilale usiku wa kuamkia kipimo, au alale kidogo sana, kwa sababu ubongo uliokosa usingizi unautoa ugonjwa mafichoni. Wanafanya hivyo kwa usiku mmoja tu, halafu mgonjwa yuko kitandani, mtaalamu yuko pembeni, na dawa ya dharura ipo karibu. Shule yetu inamfanyia mtoto jambo hilohilo Jumatatu hadi Jumapili, halafu inamtoa gizani akakimbie mchakamchaka.

2. Mtoto anaadhibiwa kwa dalili za ugonjwa wake.

Asubuhi moja akiwa kwenye foleni ya uji, mkono wake ulishtuka. Kikombe kikaruka, uji wa moto ukammwagikia mwenzake kifuani. Msimamizi akasema ni utoto na dharau, akampa adhabu ya kudeki bwalo. Alidekishwa huku mikono ikiendelea kushtuka, ufagio ukimtoka. Daftari lake la kliniki lilikuwa ofisini kwao, na ndani yake daktari ameandika kwa Kiswahili kinachosomeka: mishtuko ya mikono asubuhi, asinyimwe usingizi.

Kadhalika amechapwa kwa kusinzia darasani. Waheshimiwa, mwenye kifafa anasinzia kwa sababu nyingi. Huenda usiku alipata degedege akiwa usingizini na hakuna aliyemwona, akaamka amechoka, ulimi unauma na shuka limelowa. Huenda ni dawa: fenobarbito, ambayo ndiyo wengi wa watoto wetu vijijini wanaitumia kwa kuwa ni ya bei nafuu, inalegeza mwili na kuleta usingizi. Na baada ya degedege lolote kubwa, ubongo unahitaji kupumzika. Mtoto anatakiwa aachwe alale. Kumwamsha kwa fimbo ili asikilize somo ni kumrudisha kwenye mzunguko uleule: degedege linaharibu usingizi, na usingizi ulioharibika unaita degedege jingine.

3. Dawa hazitolewi kwa saa yake.

Dawa ya binti yangu inamezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Vidonge vinafungiwa ofisini kwa matroni, jambo ambalo silipingi. Tatizo ni kwamba dozi ya jioni inasubiri prepo iishe, na siku nyingine matroni ameshalala. Dozi ya asubuhi inasubiri usafi, asembli na ukaguzi. Hivyo ile saa ya hatari kuliko zote, saa ya kuamka, inamkuta dawa ikiwa imeshapungua mwilini.

Tulivyoipata dawa hiyo ni hadithi ndefu. Ya kwanza aliyopewa ilikuwa karbamazepini, dawa nzuri kwa aina nyingine za kifafa, lakini kwa aina yake inaweza kuzidisha mishtuko, na ilizidisha. Ipo sodiamu valproeti, yenye nguvu kwa ugonjwa huu, ila Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasipewe, kwa sababu ya madhara kwa mtoto aliye tumboni. Sasa anatumia levetirasetamu, tunainunua wenyewe, na msimu wa korosho ukiwa mbaya kuinunua ni mateso. Nayaeleza haya ili muone kwamba kwa msichana mwenye ugonjwa huu njia za dawa ni chache. Kulala vizuri hakuuzwi duka la dawa, ni bure, na ndicho tunachonyang'anywa.

Kwa upande wa afya nina neno pia. Vituo vyetu vinaishiwa fenobarbito na karbamazepini, na wagonjwa wanaambiwa wapite wiki ijayo. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla. Anayeacha fenobarbito kwa mkupuo mmoja anaweza kupata madegedege ya mfululizo, na likipita dakika 5 bila kukoma hiyo ni dharura ya kuokoa maisha.

4. Usiku bwenini hakuna anayejua la kufanya.

Alipoanguka mara ya mwisho ilikuwa kwenye mchakamchaka, kwenye barabara ya vumbi nje ya uzio. Wenzake walitawanyika. Huku kwetu bado watu wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi, wala mate, wala mkojo, wala pumzi. Alibaki naye msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa na kaka mgonjwa nyumbani. Alimlaza ubavu, akamwekea sweta chini ya kichwa, akamfungua kola, akakaa naye. Mwalimu wa zamu alipofika alitaka kumtia kijiko mdomoni, na mtoto yule akamkatalia. Namshukuru mbele ya wote watakaosoma barua hii. Lakini usalama wa binti yangu usitegemee bahati ya kuwa na mwenzake wa namna hiyo.

Lililo zito zaidi ni la usiku. Kipo kifo cha ghafla cha mwenye kifafa, ambacho madaktari wanakijua vizuri: mara nyingi kinatokea usiku, mgonjwa akiwa peke yake, na anakutwa kitandani amelala kifudifudi. Kwa watu wazima wenye kifafa kinampata takriban mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Hatari inaongezeka kwa wale wanaopata madegedege makubwa, hasa ya usiku, na inapungua pale madegedege yanapodhibitiwa na mtu mwingine anapokuwa karibu. Bweni lina watu tele, faida hiyo tunayo tayari. Kinachokosekana ni wao kufundishwa.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa.

Nimeambiwa kwamba ratiba ni ya wote, na mmoja akiachwa alale wengine watasema anapendelewa. Mwanafunzi aliyevunjika mguu hapelekwi mchakamchaka, na sijasikia mtu akiita huo upendeleo. Mguu unaonekana, ubongo hauonekani. Tofauti ni hiyo tu.

Nimeambiwa ufaulu utashuka. Hili linaniuma kwa sababu nami nataka binti yangu afaulu, ndiyo maana nilimpeleka bweni. Lakini anayosoma mtoto mchana yanajipanga kichwani usiku akiwa amelala. Mtoto anayekesha na kitabu anaona mistari, kesho hakumbuki kitu. Na mtoto aliyepata degedege asubuhi, siku hiyo nzima amepoteza masomo, pengine na ya kesho yake.

Nimeambiwa hakuna wataalamu. Mkoa wetu una hospitali ya rufaa Ligula, una hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, na Ndanda kuna hospitali ya wamisionari ambayo wazee wetu wametibiwa hapo. Wauguzi wa kliniki za afya ya akili, ambao ndio wanaowahudumia wenye kifafa, wanaweza kuwafundisha matroni wa wilaya nzima kwa siku moja. Miaka ya 1960 kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa katika mazingira magumu kuliko haya, wakati wagonjwa wengi walikuwa wamefichwa majumbani, na watu wakapona madegedege kwa dawa za kawaida.

Nimeambiwa pia nimtoe bweni asome kutwa. Shule ya kata iliyo karibu nasi ni mwendo mrefu kwa miguu, alfajiri, njia ya porini kati ya mikorosho. Angelazimika kuamka saa ileile ya kumi. Na isitoshe, kwa nini mtoto aondoke wakati kinachotakiwa kubadilika ni kengele?

Kuna aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba haya ni mapepo, nimpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji kwanza. Mjomba wake naye aliwahi kulitaka hilo, na kwetu Wamakonde neno la mjomba si dogo. Tulikaa naye, daktari akamweleza, akaelewa. Leo yeye ndiye anayempigia simu mtoto akiwa likizo kumuuliza kama amekunywa dawa.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo huenda halijazoeleka katika barua kwa wakubwa. Binti yangu alichezwa unyago akiwa tayari ni mgonjwa. Mnajua unyago wa kwetu: ngoma inakesha, wari wanakesha nayo. Nilimwendea kungwi pamoja na mjomba mtu, tukamweleza yale tuliyoelezwa hospitali. Bibi yule hakupita shule. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza dawa inamezwa saa ngapi, akasema mafunzo ya usiku atampa mchana. Ngoma ilipopamba moto, mtoto alikuwa ndani amelala, na bibi mwenyewe alimweka mtu mlangoni asiamshwe. Hakuna mila iliyovunjika. Alitoka na wenzake siku moja, kwa khanga mpya na vigelegele kama wao, na kwa siku zote zile hakuanguka. Kama kungwi ameweza kuigeuza ratiba ya mababu kwa ajili ya mtoto mmoja, sioni kwa nini mwalimu wa taaluma ashindwe kuigeuza ratiba aliyoichapa mwenyewe mwaka huu.

Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 yao wanaweza kuishi bila madegedege wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mwaka 2022 nchi wanachama wa shirika hilo, na Tanzania ikiwemo, zilipitisha mpango wa pamoja kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu hadi mwaka 2031. Mpango huo haujafika kwenye bweni la binti yangu. Kuufikisha hapo ni kazi yenu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Itolewe barua ya maelekezo kwa shule zote za bweni mkoani, za serikali na za binafsi, kwamba mwanafunzi mwenye kifafa aliyethibitishwa na daktari apate muda wa kulala usiopungua saa 8 kila usiku. Akilala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, inatosha kuanzia. Asihusishwe na prepo ya usiku wa manane, wala mchakamchaka wa gizani, kambi ikiwemo.

(b) Mwanafunzi huyo asiadhibiwe kwa kusinzia, kwa kuangusha vitu asubuhi, wala kwa kuchelewa siku inayofuata degedege.

(c) Dawa zitolewe kwa saa iliyoandikwa na daktari, kwa daftari lenye sahihi ya anayetoa, na ziwepo za akiba. Vituo vya afya vinavyohudumia shule vitoe taarifa kabla dawa hazijaisha, siyo baada ya kuisha.

(d) Matroni, patroni, walimu wa zamu na viranja wa mabweni wafundishwe huduma ya kwanza: alazwe ubavu, vitu vya kuumiza viondolewe, asitiwe chochote mdomoni, asishikwe kwa nguvu, saa iangaliwe, na zikipita dakika 5 akimbizwe hospitali. Mtoto mwenye madegedege ya usiku alale kitanda cha chini, na jirani yake ajue la kufanya.

(e) Asiwepo mwanafunzi wa kuondolewa shuleni kwa sababu ya kifafa, wala mzazi wa kushinikizwa amhamishe "kwa hiari".

Haya ya kwanza na ya pili hayahitaji bajeti. Yanahitaji karatasi moja na sahihi.

Mwakani binti yangu anaingia kidato cha nne. Mtihani ni Novemba, na kambi huanza mapema kuliko inavyotangazwa. Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa Januari, na niko tayari kuitwa, nije na daftari la kliniki, nakala ya barua yangu ya awali, na wazazi wenzangu ambao hadi sasa wameogopa kusema. Nauli nitajitafutia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama mzazi,
Newala, Mtwara.